Rejeta ya 240 au 360? Namna ya kukadiria kipoza maji cha kompyuta ya gemu kwenye joto letu

Swali hili nalipata karibu kila wiki: "Kaka, nichukue rejeta ya 240 au ya 360?" Anayeuliza huwa ameshatazama video tano, ameshachagua rangi ya taa, na hela iko tayari kwenye simu. Mimi namrudishia swali: "Chumbani kwako, mwezi wa pili, saa nane mchana, mlango umefungwa, joto linafika ngapi?" Hapo panakuwa kimya. Hajui. Rejeta ni ile sehemu yenye mapezi na feni ambako maji ya kipoza humwaga joto; 240 ni milimita za feni mbili za 120, na 360 ni za feni tatu. Na bila namba ya joto la chumba, 240 na 360 ni urefu wa chuma tu.

Video nyingi za kupima vipoza hurekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23. Dar, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana unagusa 32, na usiku haushuki sana chini ya 25. Nyuzi kumi hizo zinaingia zote kwenye prosesa. Iliyotulia kwenye 84 kwao, kwako itasimama kwenye 94, kwa kipoza kilekile na pesti ileile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza.

Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mashine niliyomfungia kijana wa Tabata. Prosesa ni Core i7-14700K, kadi ya grafiki ni RTX 4070 Super. Jioni anacheza gemu, wikendi anahariri video za harusi. Alikuja akiwa na uhakika kwamba anataka 360.

Hatua ya 1: Pima hewa inayoingia kwenye rejeta

Usipime joto la ukutani. Chukua kipimajoto cha dijitali, kile kidogo chenye waya na ncha ya chuma, weka ncha yake mbele ya matundu ambako kasha linavuta hewa. Washa gemu, cheza nusu saa mlango ukiwa umefungwa kama ilivyo kawaida yako, kisha soma. Sababu ya kusubiri ni kwamba mashine yenyewe ni hita: ikila wati 400 za umeme, inatoa wati 400 za joto humo humo chumbani. Tabata tulianza na nyuzi 31. Baada ya nusu saa ikawa 33.

Kisha ingiza ncha ileile ndani ya kasha, sehemu ya juu, pale ambapo watu wengi hupenda kufunga rejeta. Tulisoma 39. Hizo nyuzi sita za ziada zimetoka kwenye kadi ya grafiki, ambayo peke yake inatema hadi wati 220 ndani ya kasha.

Andika namba zote mbili, 33 na 39. Tutazirudia sana.

Mwenye AC apime AC ikiwa imewashwa, halafu ajiulize kwa ukweli kama huwa anaiwasha kila anapocheza. Nina binamu yuko Muscat. Nje kwao kiangazi kinapita 40, lakini ndani AC haizimwi, chumba kiko kwenye 24 muda wote. Mashine yake inapumua vizuri kuliko ya kwangu ya Sinza.

Hatua ya 2: Tafuta wati za kweli

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la prosesa inadanganya kwa pande zote mbili. Core i7-14700K imeandikwa wati 125, lakini Intel wenyewe wanairuhusu kupanda hadi 253. Ryzen 7 7800X3D imeandikwa 120 na inaruhusiwa hadi 162, ilhali kwenye gemu mara nyingi haifiki hata 80. Ukiziangalia dukani, 125 na 120, utadhani ni ndugu. Kwenye joto hazifanani kabisa.

Kama mashine unayo tayari, weka programu ya HWiNFO, fungua ukurasa wa vihisi, tafuta mstari wa CPU Package Power. Cheza gemu lako zito kwa dakika 30, soma safu ya wastani. Kilele kisikutishe, kwa sababu maji yana uzito na yanameza vilele vya sekunde chache bila shida. Baada ya hapo endesha Cinebench, programu ya kuifanyisha prosesa kazi nzito, dakika kumi, uandike wastani wake pia. Ya kwanza ni wati za gemu, ya pili ni wati za kazi nzito.

Kama bado hujanunua, anza na viwango vya juu hivi. Core i5-12400F, wati 117. Core i5-13600K, 181. Core i9-14900K, 253 kama i7 yetu. Ryzen 5 5600, 76. Ryzen 9 7950X, 230. Upande wa kadi za grafiki: RTX 3060 ni 170, RTX 4080 ni 320, RTX 4090 ni 450, na RTX 5090 imefika 575. Kwa prosesa kubwa za Intel, kwenye gemu tarajia nusu ya kiwango cha juu au zaidi kidogo.

Kabla ya kupima chochote, sasisha BIOS (programu ya mipangilio ya msingi ya mashine) na uangalie kikomo cha wati. Nimefungua BIOS nyingi nikakuta pameandikwa 4096. Macho yako hayana tatizo, hiyo ni namna ya mazabodi (bodi kuu ya mashine) kusema hakuna kikomo, prosesa ile itakavyo. Mwaka 2024, baada ya malalamiko mengi ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 kuyumba, Intel walitoa marekebisho yanayopitia BIOS. Usiporekebisha hilo utakuwa unanunua rejeta ya kutibu mpangilio mbovu.

Mashine ya Tabata ilisoma wati 130 kwenye gemu. Kwenye Cinebench ikaenda hadi kikomo, 253.

Hatua ya 3: Panda ngazi tatu

Joto la prosesa ni jumla ya vitu vitatu: hewa inayoingia kwenye rejeta, nyuzi ambazo maji yanaizidi hewa hiyo, na nyuzi ambazo prosesa inayazidi maji. Watu wanabishana juu ya kipande cha katikati peke yake, nacho mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote.

Kwa kipande cha katikati nina kanuni moja: kila sehemu ya feni moja ya milimita 120 inaondoa wati 100 maji yakiwa yameizidi hewa kwa nyuzi 10, feni zikizunguka kama mara 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Kanuni hii haikuokotwa barabarani. Feni ya kawaida ikisukuma hewa kupita kwenye mapezi ya rejeta inapitisha kama lita 14 kwa sekunde, ambazo ni gramu 16 hivi za hewa. Gramu moja ya hewa inahitaji takribani jouli moja ili ipande nyuzi moja. Hewa hiyo ikitoka imepanda nyuzi sita, imebeba karibu wati 100. Ukitaka zaidi, ongeza hewa au kubali maji ya moto zaidi. Hakuna njia ya tatu.

Kwa hiyo rejeta ya 240 inatoa wati 200 kwa kila nyuzi 10, na ya 360 inatoa 300.

Kipande cha mwisho kinategemea prosesa yenyewe. Kwa Core i7 na i9 kubwa mimi hukadiria nyuzi 0.2 kwa kila wati. Kwa 7800X3D hukadiria 0.55, kwa sababu kipande chake cha silikoni ni kidogo na kashe ya ziada (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) imelazwa juu yake kama blanketi. Ndiyo maana unaona 7800X3D iko kwenye 75 huku maji hayajapata joto la maana. Mwenye prosesa hiyo akiniuliza 240 au 360 humwambia anunue kipoza hewa kizuri cha mnara, chenji aweke kwenye SSD.

Sasa hesabu ya Tabata, rejeta ikiwa juu ya kasha, kwenye gemu:

Rejeta ya 240: hewa 39, jumlisha maji 6.5 (wati 130 gawanya kwa 200, mara 10), jumlisha prosesa 26 (130 mara 0.2). Jumla 71.5.

Rejeta ya 360: hewa 39, maji 4.3, prosesa 26. Jumla 69.3.

Nilimgeuzia kikokotoo akaangalia mwenyewe. Nyuzi mbili. Hela yote ile ya nyongeza, nyuzi mbili. "Sasa kaka, mbona watu wanasema..." Watu wanasema mengi.

Hatua ya 4: Hamisha rejeta kabla ya kuiongezea ukubwa

Rudi kwenye 33 na 39. Rejeta ikifungwa juu inakunywa hewa iliyokwisha kuchemshwa na kadi ya grafiki. Ikifungwa mbele ikivuta hewa ya chumbani, inakunywa hewa ya 33. Hapo 240 inakuwa 33, jumlisha 6.5, jumlisha 26: ni 65.5. Yaani 240 ya mbele inaishinda 360 ya juu kwa karibu nyuzi nne.

Gharama yake ni kwamba kadi ya grafiki sasa inapata hewa iliyopita kwenye rejeta, ya moto kidogo. Kwa wati 130 si jambo la kukosesha usingizi. Kadi itapanda nyuzi chache na ina nafasi. Kama una kadi ya wati 450 na prosesa isiyokula sana, geuza: rejeta ipande juu, kadi ipewe hewa baridi. Anayezalisha joto kubwa zaidi ndiye apewe hewa safi.

Na kufungua mlango wa chumba kuliturudishia nyuzi mbili nyingine, bure.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku mbaya

Gemu si tatizo la kijana huyu. Tatizo ni wikendi, anapotoa video yenye urefu wa saa tatu na prosesa inakimbia na wati 253. Kadi ya grafiki wakati huo imetulia, hivyo hewa ya juu ya kasha haifiki 39, tulisoma 35.

Rejeta ya 240: 35 jumlisha 12.7 jumlisha 50.6, inakuja 98. Prosesa hii hujipunguzia kasi ikigusa 100. Siku ya Februari itagusa.

Rejeta ya 360: 35 jumlisha 8.4 jumlisha 50.6, ni 94. Inapita, lakini kwa shida, na feni zinapiga kelele.

Njia ya tatu: nenda BIOS, weka kikomo cha wati 180. Rejeta ileile ya 240 inakuja 35 jumlisha 9 jumlisha 36, yaani 80. Wati za mwisho kwenye prosesa hizi ni ghali: unaongeza umeme mwingi kupata kasi ndogo. Kwenye gemu hakuna kinachobadilika, maana 130 iko chini ya kikomo. Kwenye video anasubiri dakika kadhaa zaidi, aende akanywe chai.

Lengo langu kwa Dar ni hili: kwenye gemu prosesa isipite 80, kwenye kazi nzito isipite 90, na maji yenyewe yasipite 45. Pampu nyingi hazipendi maji ya kupita 60, na mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea kabla hujajua.

Ukiunganisha kadi ya grafiki kwenye maji

Hapa ndipo rejeta kubwa inapopata kazi yake. Jumlisha kila kitu kinachogusa maji: prosesa 130, kadi 220, pampu kama 15. Ni 365. Kwa rejeta moja ya 360 inayovuta hewa ya 33, maji yanazidi hewa kwa nyuzi 12, yanafika 45. Prosesa 71, kadi kama 57. Uko ukingoni mwa lengo. Ukiongeza rejeta ya 240, sehemu za feni zinakuwa tano badala ya tatu, maji yanashuka hadi 40.

Kadi hufaidika na maji kuliko prosesa, kwa kuwa silikoni yake ni pana na haina kifuniko cha chuma juu. Hukaa nyuzi 10 hadi 15 tu juu ya maji. Kama unataka kutumia hela nyingi kwenye maji, tumia huku.

Kasi ya maji isikuumize kichwa. Lita moja kwa dakika inabeba wati 70 kwa kila nyuzi moja. Kwa wati 365, maji yanatoka yamepanda nyuzi tano tu hata kwa mtiririko huo wa kobe.

Na usidharau 280. Feni mbili za milimita 140 zina eneo kubwa kuliko 240 kwa asilimia 36, na 360 inaizidi 280 kwa asilimia 10 tu. Pima kasha lako kwanza. Mengi yanayoandikwa yanakubali 280 yanagombana na RAM ndefu.

Walio Nairobi na Arusha

Hesabu yenu ina kona yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takribani moja ya sita. Feni inapitisha lita zilezile lakini gramu pungufu. Kwa hiyo chukua kipande cha maji uongeze asilimia 20: nyuzi 6.5 zinakuwa kama 8. Hasara ya nyuzi moja na nusu. Lakini chumba chenu kiko kwenye 24 sisi tukiwa kwenye 33. Msilalamike.

Huku pwani tuna adhabu nyingine, chumvi ya hewa ya bahari. Mapezi ya rejeta nyingi ni alumini, na vumbi lenye chumvi likikaa humo linashika kama saruji. Anayekaa karibu na ufukwe apulize rejeta kila mwezi, akiwa ameshika feni kwa kidole zisizunguke.

Barafu, hapana

Kila msimu wa joto hakosi mtu wa kuniuliza kuhusu kuzamisha bomba kwenye ndoo ya barafu. Rejeta ya kawaida haiwezi kuyapoza maji chini ya joto la hewa, na huo ndio usalama wake. Dar wakati wa joto, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi kinaanza kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho hilo likidondoka kwenye mazabodi, umemaliza.

Kuhusu maji ya kujaza mfumo wa kujiundia: maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa maji safi au ukapewa tindikali. Soma chupa. Na usichanganye rejeta ya alumini na vipande vya shaba kwenye mfumo wa kujaza mwenyewe. Metali hizo mbili ndani ya maji yaleyale zinalana.

Hatua ya mwisho: Pima tena, linganisha na karatasi

Baada ya kufunga, hakikisha pampu si sehemu ya juu kuliko zote. Hewa iliyobaki hupanda juu, na pampu ikiwa huko itaimeza na kukoroma. Kisha washa kazi nzito, kaa na saa mkononi, angalia joto linavyopanda.

Likiruka hadi karibu na mwisho ndani ya sekunde tano, tatizo liko kati ya prosesa na maji: pesti, skrubu hazikukazwa sawa, au ile plastiki ya chini ya kipoza haikutolewa. Ndiyo, bado naikuta plastiki ile. Likipanda taratibu na kuendelea kupanda kwa dakika 20, prosesa na kipoza wameshikana vizuri, ila maji hayapati pa kumwaga joto: feni zimegeuzwa, rejeta ina vumbi, au chumba kimechemka. Ukilijua hilo hutanunua pesti mpya kutibu tatizo la feni.

Usisome matokeo kabla ya nusu saa. Maji huchukua muda kufika yanakofika.

Tabata tulifunga 240 mbele, kikomo 180. Karatasi ilisema 65 na nusu kwenye gemu. Kioo kilisema 67. Kwenye video, sasa rejeta ikivuta hewa ya 33, karatasi ilisema 78 nacho kikasema 79. Hela iliyobaki alinunulia feni mbili za nyuma na juu, na kizuizi cha kuzuia mlango wa chumba usijifunge.